Muzuri, Lakini

Ile video ilikuwa ya dakika mbili tu, lakini Emilie alikuwa ameiangalia mpaka kioo cha simu kikapata alama ya kidole chake pale pale pa kubonyeza. Mashine kubwa ya njano inatembea polepole. Nyuma yake lami inatoka nyeusi, inafuka moshi. Nyuma ya lami wanaume wenye kofia ngumu wanailaza sawasawa. Na kwa pembeni, sauti ya mudogo wake Christiane inapiga kelele kama mutu yuko ku mupira: «Siku tano, dada! Siku tano! Jumatatu walikuwa wanachimba, leo Ijumaa nimepita na viatu vya kanisani!»

Christiane aliolewa Kigoma, mwaka wa kumi sasa. Tangu avuke, ameacha kusema yaya, anasema dada, na Emilie anamuchekaga kwa hiyo. Lakini Kigoma si mbali! Ni ziwa moja! Samaki wale wale, upepo ule ule, mvua ile ile. Ila mvua ikinyesha kule, inaingia mu mufereji. Ikinyesha huku Kalemie, upande wa Kongo, inaingia mu lupango, mu kiwanja cha nyumba ya Emilie.

Ile lupango iko juu ku kilima, avenyu Mikebuka, ya mwisho kabla barabara haijapiga kona. Nyumba ya ndani, bwana yake Nicolas njo aliijenga. Walifika kutoka muji wa Baraka na magunia mawili na mimba ya Princesse, Nicolas akaanza kuvua, na kila alipopata samaki wa maana, alinunua tofali. Wengine walinunua redio, yeye tofali. Miaka kumi na moja, weee! Tofali juu ya tofali, mpaka mabati, mpaka mulango wa mbao wenye kitasa cha shaba. Alilala mule masika mawili tu. Halafu ziwa likamuchukua, yeye na mutumbwi na nyavu, na halikurudisha kitu. Kaburi hakuna. Emilie akitaka kusema na bwana yake, anaweka mukono ku ukuta wa chumba, pale Nicolas aliandika mwaka na kidole wakati simenti ilikuwa mbichi.

Sasa barabara. Pembeni ya barabara kulikuwa kanivo ya kupitisha maji, na miaka ine iliyopita ile kanivo ilipasuka. Ufa mudogo, kuku angeuruka. Shefu wa avenyu, Papa Évariste, akaandika barua. Biro ya serikali ikajibu: imepokelewa. Mvua ikanyesha. Papa Évariste akaandika ingine. Ikapokelewa. Mvua ikanyesha tena, na maji yaliyokosa njia yakajitafutia njia, na njia yaliyoipata ni nyuma ya jiko la Emilie. Leo ule ufa ni korongo ambalo ukitupa jiwe ndani unangoja kwanza kabla ya kusikia. Watu wa biro wanaliita erozio. Wanalitaja kwa heshima, kama jina la mugonjwa mukubwa.

Kila asubuhi Emilie anapima. Anatoka ku mulango wa jiko, anatembea, anahesabu. Mwaka jana zilikuwa hatua makumi mbili na mbili. Mwezi wa tisa, mu kiangazi, zilikuwa hatua tisa.

Na dawa ilijulikana! Fundi yeyote wa Kalemie angekuambia: shona kanivo, panga mawe, maji yarudi mu njia yake. Kazi ya wiki mbili. Kigoma wangeifanya wakiwa wanakunywa chai.

Basi mwezi wa kumi, Papa Évariste akapanda kilima anahema, karatasi mukononi.

«Mama Princesse! Wanakuja! Wageni wa Kinshasa, wa barabara! Alamisi! Wanapita avenyu kwa avenyu, wanaandika zile za kutengeneza mbele ya masika. Avenyu yetu iko mu liste!»

Emilie alikuwa anaanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Alisimama na mikono yenye magamba. «Wataona korongo?»

«Na macho yao.»

«Papa Évariste, wale wa mwaka jana pia walikuwa na macho.»

Doudou, jirani wa mbele, yule ambaye simu haitokagi mukononi hata akiwa anakula, akacheka. «Wale wa mwaka jana waliona shimo la chini, wakapiga foto na shimo la chini, wakarudi. Hata viatu havikupata vumbi. Mu raporo waliandika avenyu Mikebuka iko na shimo moja. Moja! Kama jino.»

Ilikuwa kweli. Pale chini, barabara inapoanza kupanda, kulikuwa shimo ambalo gari lolote lilikuwa linaliogopa. Moto za magurudumu mawili zilikuwa zinalizunguka, gari hapana. Na mugeni wa serikali hapandagi kilima na miguu. Donc korongo halikuwahi kuonwa na mutu mwenye muhuri.

«Njo maana tutaliziba lile shimo,» Papa Évariste akasema. «Kesho kutwa, salongo. Kila nyumba mutu mumoja na beleshi. Gari zao zipande mpaka hapa ku Mama Princesse, zisimame mbele ya hili jambo lenyewe.»

«Tuwatengenezee barabara ili waone barabara iko mubaya,» Doudou akasema. «Haki ya Mungu, Kalemie!»

«Wewe cheka. Beleshi yako iko wapi?»

Siku ya tatu ya juma, siku moja kabla ya Alamisi, watu wakatoka kama ni sikukuu. Wanaume wakabeba muchanga mu magunia, wamama wakabeba mawe mu beseni, Doudou akabeba simu na baadaye, akiisha kutukanwa ya kutosha, akabeba na mawe. Lakini shimo lilikuwa linakula tu. Kufika saa tisa lilikuwa bado linafungua kinywa.

«Matofali mazima njo yanatakiwa,» fundi mumoja akasema. «Muchanga peke yake, gari ya kwanza tu inauzamisha.»

Wote walijua nani alikuwa na matofali mazima. Nyuma ya nyumba ya Emilie kulikuwa matofali makumi ine ya Nicolas, ya mwisho, yale aliyaacha kwa kumaliza ukuta wa jiko. Hakuna mutu aliyethubutu kumuangalia.

Emilie akapanda kilima. Akarudi na matofali sita ku kichwa. Akayaweka mu shimo yeye mwenyewe, moja moja, kama mutu analaza watoto. Akapanda tena. Princesse akamufuata, halafu wamama wote, na jua likiwa bado linawaka shimo likawa sawa na barabara. Laini! Ungeliangalia ungesema halikuwahi kuwa.

«Mama Princesse,» Papa Évariste akasema polepole, «utapata mengine.»

«Watengeneze kanivo tu, Papa. Hayo mengine sitaki.»

Alamisi asubuhi Emilie akavaa kitenge cha Pasaka. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu juzi, Princesse akimusikilizisha kama somo la shule: «Papa Injenieri, mimi ni mujane. Hii nyumba bwana yangu aliijenga miaka kumi na moja. Kutoka jiko mpaka erozio ni hatua tisa. Tunaomba kanivo mbele ya mvua.» Mafupi, ya adabu. Hata lile neno erozio aliliingiza ili wajue anajua.

Gari zikakuja saa ine. Gari ine, nyeupe, zote mpya. Zikafika pale chini, na avenyu nzima ikashika pumzi. Zikapita juu ya matofali ya Nicolas bila hata kutikisika. Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, na wote wakakimbia kupanga mustari pembeni ya korongo, ili wageni wageuze macho pale na walione vizuri. Watu mia na zaidi! Kuimba, kupunga majani! Na vile walikuwa wengi hivyo, wamesongamana bega kwa bega, hakuna mutu aliyefikiria kwamba walikuwa wamelifunika.

Gari ya kwanza ikasimama mbele ya Emilie. Kioo kikashuka. Baridi ikatoka ndani kama mu frigo. Mukubwa mwenyewe alikuwa mutu wa sura nzuri, miwani, kicheko cha karibu. Hakuwa mutu mubaya, hapana. Alikuwa mutu wa Kinshasa, Lingala yake na Kifaransa chake, na Kiswahili maneno mawili matatu aliyofundishwa mu ndege. Akayatoa kwa furaha:

«Jambo, Mama! Habari ya barabara?»

Sasa, nani asiyejua? Mutu akikuuliza habari ya, jibu liko moja. Habari ya nyumbani? Muzuri. Habari ya mugonjwa? Muzuri, lakini hali chakula. Hata ku matanga, maiti iko ndani, wanakuuliza habari ya hapa, na unasema muzuri, lakini tumepatwa. Muzuri ni kiti tu. Unamupa mugeni kiti kwanza, anakaa, halafu njo unamupa habari yenyewe. Emilie alikuwa anatoa kile kiti tangu amejua kusema.

«Muzuri, Papa,» akasema.

Na akavuta pumzi, sababu «lakini» yake ilikuwa ndefu, ilikuwa na mujane na miaka kumi na moja na hatua tisa.

Yule mukubwa akageukia kijana wa tablete. «Muzuri. Bon.» Kijana akabonyeza. Mukubwa akamuonyesha Emilie kidole gumba, kioo kikapanda, gari ikatembea.

«Lakini!» Emilie akasema. «Lakini, Papa!»

Ya pili ikapita. Ya tatu. Akaishika ya ine kwa nyuma, akaipiga na kiganja. «Lakini! Papa, lakini!» Watu bado walikuwa wanaimba. Gari zikapiga kona, zikashuka upande mwingine, na Emilie akabaki mu vumbi na kile kitenge cha Pasaka, na lakini yake mu kinywa.

Kelele zikaisha polepole, mutu kwa mutu, vile walikuwa wanaelewa.

«Alikuuliza nini?» Papa Évariste akauliza.

«Habari ya barabara.»

«Na wewe?»

Doudou alisimama na simu yake, alikuwa amerekodi yote, na uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyekanyaga mutoto.

Siku ya pili yake wakashuka ku biro, Emilie na Papa Évariste, na barua zote za miaka ine mu sashe ya plastiki. Wakangojeshwa mpaka saa saba. Madame Sonia, sekretere, aliwapokea bila matata. Akageuza kompyuta waone.

«Avenyu Mikebuka. Hali: bon. Wakaaji wanafurahi.»

«Nani anafurahi?» Papa Évariste akasema.

«Njo vile imeandikwa, Papa.»

«Madame,» Emilie akasema, «mimi njo nilijibu. Nilisema muzuri ya salamu. Ile muzuri ya salamu! Wewe si mutu wa hapa? Unaijua.»

Madame Sonia akaangalia meza. «Ninaijua, Mama.»

«Basi futa.»

«Raporo imekwisha kupanda ndege. Na wao wako na makaratasi yao, mimi siwezi kuandika juu yake. Halafu…» Akatoa simu yake mu sakoshi, kwa haya. «Halafu hii iko inazunguka.»

Ilikuwa video ya Doudou. Alikuwa ameitia mu grupu ya avenyu palepale Alamisi, mbele ya kuelewa, na kutoka mu grupu ya avenyu iliruka mu grupu ya kanisa, ya wavuvi, ya mupira. Sekunde tisa. Gari mupya, barabara laini, Mama wa kitenge kizuri: Muzuri, Papa. Vigelegele. Kuko mutu alikuwa ameandika chini: Kalemie inasonga mbele!

«Watarudi lini?» Papa Évariste akauliza.

«Mission ingine? Budget ya mwaka kesho. Ikipita.»

«Mwaka kesho hatua tisa zitakuwa ngapi?» Emilie akauliza. Lakini hiyo haikuwa kazi ya Madame Sonia, na Madame Sonia akawapa maji ya kunywa.

Walipokuwa wanapanda kilima, simu ikalia. Christiane, anacheka mpaka sauti inakatika. «Dada! Nimekuona! Mtu wa hapa Kigoma kabisa kanitumia! Umependeza! Kumbe na ninyi wamewatengenezea! Si nilikuambia zamu yenu itafika?»

Emilie akasimama. Chini kulikuwa ziwa, linang'aa, halijali. Alitaka kueleza, lakini ungeanzia wapi? Na megabaiti zilikuwa zinaisha.

«Ndiyo,» akasema. «Wamepita.»

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na moja. Ya kwanza ikazoa shimo la chini, muchanga wote na mawe, matofali ya Nicolas yakatokeza meno, halafu na yenyewe yakatembea. Avenyu nzima ikafanya salongo tena, bila wageni na bila vigelegele, wakatupa mawe mu korongo, magunia, tawi kavu la muti, mulango wa gari ya zamani. Korongo likameza. Hatua saba. Doudou alifuta ile video mu simu yake, kama kwamba hiyo ingesaidia kitu, na kila siku alikuwa wa kwanza na beleshi, hasemi tena mizaha. Hatua ine. Papa Évariste akaandika barua. Ikapokelewa.

Halafu ile siku ya posho, Jumamosi, saa nane mchana. Mbingu ilikuwa imefunga tangu asubuhi, na ilipofungua ilifungua yote. Jiko likaenda kwanza. Ukuta ule ambao haukuwahi kumalizika ukainama tu, ukapotea, na pale palipokuwa mafiga wakaona hewa.

«Tokeni! Tokeni!» Papa Évariste alikuwa analia mu mvua.

Watu wakaingia, wakatoa vitu. Godoro, masufuria, vitabu vya Princesse, gunia la ndakala. Doudou na fundi mumoja wakang'oa mulango wa mbao na kitasa chake cha shaba, wakakimbia nao ku kichwa kama jeneza. Emilie alikuwa ndani ya chumba, mukono ku ukuta, pale pa mwaka.

«Mama Princesse! Utakufa!»

«Ninamuambia tu,» akasema. «Muniache nimuambie.»

Princesse njo alimutoa, alimuvuta kitenge mpaka kikapasuka. Walikuwa wamefika barabarani, ile barabara bon, wakati nyumba ilishuka. Haikutoa kelele kubwa. Ilitoa sauti ya mutu muzee anayeketi. Mabati yakasimama kidogo, yakafuata. Miaka kumi na moja, na haikufika hata dakika ile ya kutoa simu mufukoni. Maji yakabeba matofali, mekundu, yanagongana, mu korongo, chini, chini, mpaka ku ziwa. Kule kule ku mwenyewe.

Mangaribi mvua ikaacha. Emilie aliketi ku baraza ya Papa Évariste, juu ya godoro lililolowana, na ule mulango umesimamishwa nyuma yake, mulango usio na nyumba. Jirani mumoja, kwa kutafuta la kusema, akasema labda Katanika, kule kambi ya wakimbizi, wangemupatia sheeting, turubai ya kulala chini yake.

«Kule wanauliza umekimbia vita gani,» Papa Évariste akasema.

«Aseme barabara,» Doudou akasema. Mwaka jana wangecheka mpaka kushika tumbo. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akafunika uso na mikono.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Christiane, na nyuma yake kulisikika mvua ya Kigoma, inapiga mabati, inashuka vizuri mu mufereji wake.

«Dada! Mvua gani hii leo! Habari ya nyumba?»

Wote ku baraza waliisikia. Emilie akafungua kinywa, na lile neno lilikuwa pale, mbele ya ulimi, tayari, kama kila siku ya maisha yake. Aliliona. Akalimeza.

«Mubaya,» akasema.

Wamama wakainua vichwa. Hakuna mutu anayejibugi hivyo, hata siku ya kifo. Ku simu ikabaki mvua tu. Halafu sauti ya Christiane ikarudi, ndogo, ya zamani, ya Baraka, ya mbele ya kuvuka.

«Yaya? Yaya, nani amekufa?»

Emilie akageuka, akaweka mukono ku ule mulango wa Nicolas, kitasa kinatonesha maji.